Kombe la Majirani: Tafakari juu ya Miaka Hamsini ya Vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati



Tulipokutana mwaka huu kutayarisha mashindano ya mpira ya vikundi vya parokia yetu, shauri moja lilituchukua jioni nzima. Kwa miaka mingi tumekuwa na desturi ya kualika timu ya vijana kutoka ng'ambo ya mpaka. Safari hii wengi walikataa. Walisema kwamba nyumba zimechomwa, kwamba jamaa zao wamelala chini ya mahema, na kwamba si wakati wa kucheza na majirani. Hatukuwakemea, kwa maana mwenye msiba haamrishwi kunyamaza. Lakini kijana mmoja, aliyekuwa amekaa nyuma bila kusema neno, alisimama akauliza: "Mwalimu, kukutana uwanjani kumewahi kuzuia vita gani?"

Tulikosa jibu jioni ile. Swali la kweli halijibiwi kwa maneno matamu, basi tuliahidi kulijibu kwa maandishi, tukipitia historia ya kombe moja ambalo majirani zetu wamelichezea kwa zaidi ya miaka hamsini: Kombe la Vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati, ambalo wengi wenu mnalijua kwa jina la CECAFA. Someni hadi mwisho kabla ya kuamua kama tuko upande wa huyu au wa yule.

Chimbuko lake

Mashindano ya mpira kati ya majirani hawa yalianza zamani, wakati wa ukoloni. Katika mwaka wa 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengenezaji wa sabuni waliolifadhili. Tanganyika na Zanzibar zikajiunga baadaye. Hayo yalikuwa mashindano ya timu za nchi. Vilabu vya mitaani, vyenye wafuasi wao wa kila siku, vilisubiri muda mrefu zaidi. Baraza la vyama vya mpira la eneo hili lilipata umbo lake katika mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata, 1974, kombe rasmi la vilabu likachezwa kwa mara ya kwanza. Simba ya Dar es Salaam ndiyo iliyolitwaa. Mwaka wa 1975, kule Zanzibar, Simba ilikutana katika fainali na hasimu wake wa mji uleule, Yanga, nayo Yanga ikashinda kwa mabao mawili kwa bila. Mpaka leo wazee wa Dar es Salaam husimulia mchezo huo kana kwamba ulichezwa juzi.

Tukiangalia vilabu vilivyolitwaa kombe katika miaka iliyofuata, tunaona kwamba kila kimoja kilikuwa na mlango wake wa kuingilia katika maisha ya watu. Luo Union, iliyoshinda mara mbili mfululizo katika 1976 na 1977, ilikuwa timu ya watu wa kabila moja waliohamia mijini. Abaluhya, iliyoshinda katika 1979, vilevile. Kampala City Council, washindi wa 1978, ilikuwa timu ya halmashauri ya jiji. Kenya Breweries, ambayo baadaye iliitwa Tusker, ilikuwa ya kiwanda cha pombe. Siku za baadaye walikuja APR ya jeshi la Rwanda, Police ya Uganda, na Azam ya kampuni ya biashara ya Dar es Salaam.

Kuhusu timu za kabila, kuna jambo la kutafakari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Kenya iliamuru vyama viache majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na kwa jina hilo jipya ikalitwaa kombe mara tatu mfululizo: 1982, 1983 na 1984. Jina lilibadilika kwa amri ya siku moja. Mioyo ya mashabiki haikubadilika kwa amri. Hata hivyo, mchezaji wa kabila lolote aliweza kuvaa jezi hiyo, na mtoto wa kabila lolote aliweza kumshangilia. Amri ya juu haitoshi kuwaunganisha watu, lakini pia desturi ya chini inaweza kufungua mlango ambao amri peke yake haiufungui.

Jumuiya ilipovunjika

Sasa tuingie katika swali la kijana wetu.

Katika mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, iliyoziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kwa reli moja, posta moja na shirika moja la ndege, ilivunjika. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo ulikaa umefungwa hadi mwezi wa Novemba 1983. Ndugu waliooleana pande mbili za mstari wakawa wanatazamana kwa mbali.

Kombe la vilabu halikufungwa pamoja na mpaka. Fainali ya mwaka wa 1981 iliwakutanisha Gor Mahia ya Nairobi na Simba ya Dar es Salaam, na Gor Mahia ikashinda kwa bao moja. Kumbukeni tarehe hiyo. Mwenye lori la mahindi hakuweza kuvuka kutoka nchi moja kwenda nyingine, lakini wachezaji kumi na mmoja wa nchi moja walisimama mbele ya kumi na mmoja wa nchi nyingine, wakapeana mikono, wakacheza dakika tisini, wakapeana mikono tena.

Je, mchezo huo uliufungua mpaka? Hapana. Mpaka ulifunguliwa kwa mazungumzo ya viongozi, baada ya mali ya Jumuiya ya zamani kugawanywa. Tusiupe mpira sifa isiyo yake.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka wa 1978 kombe lilichezwa Kampala, na katika fainali Kampala City Council iliishinda Simba ya Tanzania kwa mikwaju ya penalti. Mwezi wa Oktoba wa mwaka uleule majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, katika ardhi ya Tanzania. Vita vilifuata, na mwezi wa Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala. Kwa hiyo mji uliowapokea wachezaji wa Tanzania kwa makofi, ulipokea askari wa Tanzania kwa mizinga kabla ya miaka miwili kwisha. Hapa kijana wetu anapata jibu lake la kwanza, nasi hatulifichi: kukutana uwanjani hakukuzuia vita hivyo.

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka wa 1993 Yanga ilikwenda Kampala, ikacheza fainali na SC Villa, timu iliyopendwa sana na watu wa mji huo, ikashinda kwa mabao mawili kwa moja na kurudi nyumbani na kombe. Mwaka wa 1999 ikashinda tena katika mji huohuo. Mtoto aliyezaliwa Kampala wakati wa vita alikuwa na miaka kumi na minne aliposikia kwa mara ya kwanza Watanzania wakishangilia katika mji wake bila bunduki. Kombe halikuzuia vita. Liliwapa watu mahali pa kurudia baada ya vita.

Rwanda, Burundi na Darfur

Mwaka wa 1998 fainali ilichezwa Zanzibar. Rayon Sports ya Rwanda iliishinda Mlandege, timu ya wenyeji, kwa mabao mawili kwa moja. Lilikuwa kombe la kwanza kwenda Rwanda, na zilikuwa zimepita nyakati nne tu za mvua za masika tangu mauaji ya kimbari ya 1994. Lakini katika mwaka huohuo wa 1998 vita vya pili vilianza katika nchi yetu. Furaha ya jirani na kilio chetu vilikuwa chini ya jua moja. Hatusemi hivyo ili kumnyima jirani furaha yake. Tunasema ili msije mkasoma historia ya michezo kana kwamba ilichezwa mahali pasipo na damu.

Miaka kumi na mitano baadaye, katika 2013, mashindano yalipelekwa Sudan, sehemu yake kubwa katika jimbo la Darfur, mjini El Fasher. Waandaaji walisema kwamba mpira ungesaidia kuonyesha kuwa amani inarudi. Vilabu vya Tanzania havikwenda, kwa sababu serikali yao iliona kwamba usalama haukuwa wa kutosha. Vital'O ya Bujumbura ilikwenda, ikaifunga APR ya Kigali katika fainali mabao mawili kwa bila, ikawa timu ya kwanza ya Burundi kulitwaa kombe hilo. Fikirini: timu ya Warundi na timu ya Wanyarwanda, nchi mbili zilizojua mauaji ya ndugu kwa ndugu, zikicheza mbele ya watu wa Darfur waliokuwa bado katika mauaji yao.

Takribani majuma mawili baada ya fainali hiyo, tarehe 13 Julai 2013, askari saba wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha kulinda amani waliuawa Darfur katika shambulio la kuvizia. Basi wale waliokataa kwenda hawakuwa waoga, na wale waliokwenda hawakuwa wajinga. Mtu anaweza kukataa kucheza kwa sababu ya haki, na mwingine akakubali kucheza kwa sababu ya haki. Tunawaomba mlikumbuke hilo mtakaporudi katika kikao chetu, ili asiwepo wa kumwita mwenzake msaliti wala mwoga.

Jina la kombe na mfuko wa kombe

Kuna jambo ambalo baadhi yenu mmelitaja kwa hasira. Tangu mwaka wa 2002 kombe hili lina jina la Rais wa Rwanda, Paul Kagame, ambaye alijitolea kutoa fedha za zawadi, dola 60,000 kwa kila mashindano. Kwa msomaji wa Kivu jina hilo si jepesi, na hatutamwambia yeyote alipokee kana kwamba ni neno la kawaida. Mwalimu wa historia, hata hivyo, ana wajibu wa kueleza jinsi jina linavyofika juu ya kombe. Linafika pale ambapo wenye mashindano wameishiwa fedha.

Ndivyo ilivyo tangu mwanzo, kwa maana Kombe la Gossage nalo lilikuwa na jina la wenye sabuni. Na hata baada ya kupata mfadhili, mashindano ya vilabu yamekatika mara kwa mara. Hayakuchezwa mwaka wa 1990. Hayakuchezwa 2016 wala 2017, wala 2020, wala 2022, wala 2023. Kuwasafirisha na kuwalaza watu wa timu kumi na zaidi kwa majuma mawili ni gharama kubwa, na kazi inayotegemea mkono mmoja husimama mkono huo unapochoka au unapoelekea kwingine.

Tazameni pia hatima ya vilabu vyenyewe. Mwaka wa 2009, kule Khartoum, ATRACO ya Kigali, timu ya chama cha wenye magari ya abiria, iliishinda El Merreikh mbele ya watu wake na kulitwaa kombe. Muda mfupi baadaye timu hiyo ilivunjwa, na leo haipo. Lakini Yanga, iliyoanzishwa mwaka wa 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka wa 1936, zimepita katika ukoloni, uhuru, ujamaa na soko huria, zikiwa na viongozi wabaya na wazuri, na bado zipo. Simba imelitwaa kombe hili mara sita. Fedha hazikukosekana katika vilabu hivyo viwili, lakini kilichovibeba miaka yote ni wanachama: watu wa mitaani waliojiona kuwa wenye mali, si watazamaji tu.

Sisi wageni wa mezani

Kongo si mwanachama wa baraza hilo la mpira. Chama chetu cha taifa kiko katika kundi la nchi za Afrika ya Kati. Timu zetu huenda kwa mwaliko. AS Vita Club ya Kinshasa ilialikwa Dar es Salaam mwaka wa 2012, ikafika nusu fainali, ikatolewa na Azam. Mwaka wa 2019, mashindano yalipofanyika Rwanda, walialikwa TP Mazembe, Daring Club Motema Pembe na Maniema Union. Vijana wa Kindu, Lubumbashi na Kinshasa walicheza katika viwanja vya Rwanda, na Wanyarwanda wakawatazama.

Tusisahau mmoja kati ya wageni hao alikotoka. TP Mazembe ilianzishwa mwaka wa 1939 na mapadri Wabenediktini wa Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Walikuwa na shule, na walitaka wanafunzi wasioelekea upadri wawe na kazi njema ya kufanya baada ya masomo. Timu ilipewa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa kikundi cha skauti. Kutoka katika kiwanja hicho cha shule ilizaliwa timu iliyokuwa bingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Wale waliochora mistari ya chokaa ya kiwanja cha kwanza hawakujua watakachovuna wajukuu wao. Walijua tu kwamba kijana asiye na mahali pa kukutana na wenzake kwa wema, atapata mahali pa kukutana nao kwa ubaya.

Katika siasa vilevile tulichelewa kuingia nyumbani mwa majirani. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwaka wa 1999, miaka ishirini na miwili baada ya kuvunjika, na nchi yetu ikapokelewa mwaka wa 2022. Katika miaka hiyo ishirini na miwili ya utengano, kombe la vilabu lilichezwa karibu kila mwaka. Viongozi walipokutana tena Arusha, watu wao hawakuwa wageni kabisa wao kwa wao. Mashabiki wa Nairobi walijua majina ya wachezaji wa Dar es Salaam. Wa Kampala walijua nyimbo za wa Khartoum. Hilo ni jambo dogo. Lakini jengo jipya husimama kwa urahisi zaidi pale ambapo msingi wa zamani haukung'olewa wote.

Jibu letu

Mwezi wa Septemba 2025 fainali ilichezwa Dar es Salaam. Singida Black Stars ya Tanzania iliishinda Al Hilal ya Omdurman kwa mabao mawili kwa moja. Vita vilianza Sudan mwezi wa Aprili 2023, na tangu hapo Al Hilal haikuwa na kiwanja cha nyumbani. Ilifikia kucheza ligi ya Mauritania, mbali sana na mto wake wa Nile, ili isife. Timu hiyo ya wakimbizi ilipokelewa katika kombe la majirani, ikapewa nafasi, ikafika fainali. Haikurudi na kombe. Lakini ilicheza kwa jina lake mbele ya watu wanaoijua.

Basi, ndugu yetu uliyeuliza, hili ndilo jibu tulilolipata. Kukutana uwanjani hakukuzuia vita hata kimoja kati ya hivi tulivyovitaja. Anayekuahidi kwamba mpira utaleta amani anakudanganya, na amani isiyo na haki haitatoka katika filimbi ya mwamuzi. Kitu ambacho kombe lilifanya ni kidogo kuliko hicho, nacho ni cha kweli: lilihifadhi desturi ya kukutana katika miaka ambayo kila kitu kingine kilivunjwa. Desturi ya namna hiyo ikikatika, huchukua kizazi kizima kuirudisha, kwa sababu watoto hukua bila kuyajua majina ya wenzao, na usiyemjua jina ni rahisi kuambiwa kwamba si mtu.

Hatusemi kwamba lazima tuwaalike mwaka huu. Tanzania haikwenda Darfur, na haikukosea. Inawezekana usalama wa njia haupo. Inawezekana wenye msiba wanahitaji muda. Lakini tukiacha, tuache kwa mwaka mmoja na kwa sababu iliyoandikwa katika kitabu cha mikutano, ili mwaka kesho mtu afungue kitabu hicho na kuuliza kama sababu hiyo bado ipo. Na barua ya kuwaeleza majirani iandikwe na vijana wenyewe. Tena gharama za kombe letu tuzichange wenyewe, kila kikundi kwa kadiri yake, hata kama mpira utakuwa mmoja na jezi zitakuwa za kuazima. Hapo jina litakaloandikwa juu ya kombe tutalichagua sisi.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni desturi gani ya kukutana na majirani iliyokatika kwa sababu ya vita? Nani anaikumbuka bado, na tunaweza kumwomba atusimulie?

2. Ni wakati gani kukataa kukutana ni haki, na ni wakati gani kunakuwa chuki? Tutoe mifano kutoka katika historia tuliyoisoma.

3. Kikundi chetu kinategemea mkono wa nani? Mkono huo ukiondoka kesho, nini kitabaki?